Viduka vya Mezani: Wanawake Walioweka Dunia Ndani ya Kabati



Leo tunaweka udi na hina pembeni kidogo, tuzungumze historia. Kuna kazi ya mkono ambayo wanawake wa nchi nyingi wanaipenda sana: kujenga duka zima, na rafu zake, mizani yake na magunia yake, likawa dogo la kutosha kukaa juu ya meza ya chai. Mwenye kuliona mara ya kwanza hucheka na kusema huu ni mchezo wa watoto. Sisi tulipoifuatilia kazi hii ilikotoka, tumekuta ni zaidi ya mchezo.

Tulichokiona ni hiki: kiduka ni daftari. Kinaandika mambo ambayo wenye kuandika vitabu hawakuona haja ya kuyaandika, yaani mwanamke alimiliki nini, alijua bei ya nini, na kila kitu nyumbani mwake kilikaa wapi. Na kama madaftari mengine, kina mambo kilichoyaandika na mambo kilichoyaficha. Tuyasome yote mawili.

Kabla hakijawa cha watoto

Kijumba cha zamani kabisa ambacho habari zake zinajulikana vizuri kilitengenezwa kusini mwa Ujerumani, mwaka 1557 hadi 1558, kwa amri ya Mtawala Albrecht wa Tano wa Bavaria. Hakikuwa cha mtoto kuchezea. Kilikuwa cha fahari, na kikawekwa pamoja na vitu vyake vya thamani mjini Munich. Kilikuwa na jiko, vyumba vya kulala, mabanda na bustani, vyote vidogo. Kikaungua kwa moto mwaka 1674, na leo tunakijua kwa orodha ya vitu vyake tu. Tafadhali likumbukeni neno hilo, orodha, maana tutalirudia.

Baada ya watawala wakaja wanawake wa mjini. Mwaka 1631, katika mji wa Nuremberg, mwanamke aitwaye Anna Köferlin alitengeneza kijumba kikubwa, akakijaza vyombo vya kila namna, kisha akachapisha tangazo kuwaita watu waje kukitazama kwa kulipa kiingilio. Alisema watoto wakitazame ili wajifunze nyumba inavyopangwa na kila kitu kinavyotakiwa kukaa mahali pake. Kijumba chenyewe hakipo tena, lakini tangazo limebaki. Tutazameni alichokifanya mama huyu: alichukua elimu aliyokuwa nayo kila mwanamke mwenye nyumba, elimu ambayo hakuna aliyewahi kuilipia, akaiweka wazi na kuitoza ada. Ni biashara, tena ya mwanamke, karibu miaka 400 iliyopita.

Kabati lililoingia katika vitu vya bibi harusi

Tuvuke sasa hadi Uholanzi, Amsterdam, mwisho wa karne ya 17. Mji huo ulikuwa umetajirika kwa biashara ya bahari. Kampuni ya Uholanzi ya Mashariki ya India, iliyoundwa mwaka 1602, ilikuwa ikileta pilipili manga, karafuu, mdalasini, hariri na vyombo vya kauri kutoka nchi za mashariki. Wake wa matajiri wakaanza kuagiza makabati makubwa ya mbao nzuri, yaliyogawanywa ndani kuwa vyumba vidogo, na kila chumba kikapambwa kama chumba cha kweli.

Mabibi harusi, huyu mmoja ni wenu. Anaitwa Petronella Dunois. Alikuwa yatima mwenye mali, akaishi Amsterdam na dada yake. Takriban mwaka 1676 alikuwa na kabati lake lenye vyumba vinane: stoo ya kuni za kule ambazo ni udongo mkavu wa kuwasha moto, chumba cha nguo za kufuliwa na kupigwa pasi, chumba cha watoto, chumba cha mzazi, sebule, stoo ya chakula, jiko na chumba cha kulia. Mwaka uliofuata akaolewa, na kabati hilo likaandikwa katika orodha ya vitu alivyoingia navyo kwenye ndoa. Leo liko katika jumba la makumbusho la Rijksmuseum.

Kwa nini jambo hili lina uzito? Kwa sababu chini ya sheria ya Uholanzi wakati ule, mume ndiye aliyekuwa msimamizi wa mali ya mkewe, isipokuwa mkataba wa ndoa ukisema vingine. Kuandika kitu katika orodha ndiyo ilikuwa njia ya kusema: hiki nilikuja nacho. Sisi Waislamu tunayo neema ambayo mara nyingi hatuikumbuki mpaka shida itokee. Mahari ni haki ya mke mwenyewe kwa nassi ya Qur'ani katika Suratun Nisaa, na mali ya mke hubaki yake baada ya nikahi kama ilivyokuwa kabla yake. Mama yetu Khadija (radhiyallahu anha) alikuwa mfanyabiashara mwenye mali yake na misafara yake. Lakini haki isiyoandikwa ni rahisi kupotea. Ni mabibi harusi wangapi kwetu wanaingia kwenye ndoa na dhahabu, vyombo na vitanda, bila karatasi hata moja inayosema nini ni cha nani? Kwa yule yatima wa Amsterdam, hata kabati la vyombo vidogo liliandikwa.

Mwenzake mashuhuri zaidi ni Petronella Oortman. Alikuwa mjane, akaolewa tena mwaka 1686 na mfanyabiashara wa hariri, na kwa zaidi ya miaka 20 akawa anajenga kabati lake. Mbao za kabati hilo zimetiwa njumu za bati na magamba ya ng'amba, yule kasa wetu wa bahari za joto. Ndani yake kuna vyombo vya kauri, vikapu vilivyosukwa, vitabu vinavyofunguka na nguo zilizokunjwa kabatini. Kila kitu kimetengenezwa na fundi wa kweli kwa mali ya kweli: aliyesuka vikapu ni msuka vikapu, na fedha ni fedha. Inasemwa gharama yake ilifika gilda 20,000 hadi 30,000, fedha za kununulia nyumba nzuri kando ya mfereji mjini mwao. Alipenda kabati lake kiasi kwamba lilichorwa picha ya rangi na mchoraji Jacob Appel, takriban mwaka 1710.

Hapo, dada zetu, hatuna budi kuliita jambo kwa jina lake. Nyumba nzima ya kuishi watu kugeuzwa pambo la sebuleni ni israfu. Tunaustaajabia ufundi, hatuiigi gharama.

Wa tatu ndiye kipenzi chetu, maana yeye alifanya kama tufanyavyo sisi tusio na makuu. Sara Rothé, mke wa mfanyabiashara, alikwenda mnadani mwaka 1743 akanunua vijumba vitatu vya zamani vilivyokwisha kutumika. Akavivunjavunja, akachagua vilivyo vizuri, akavipanga upya katika makabati mawili. Vilivyopungua alinunua, na vya kushona na kudarizi akafanya mwenyewe. Tena akaweka daftari: hiki kilitoka wapi, hiki nilikishona mimi, hiki kilinigharimu kiasi gani. Kwa daftari lile, wataalamu wa leo wanajua ndani ya makabati yale kuliko wanavyojua majumba mengi makubwa ya zama zake. Kabati moja liko Haarlem, jingine Den Haag.

Nyumba ikazaa duka

Mpaka hapa tumezungumza nyumba. Duka liliingiaje?

Mwanzo wa karne ya 18, katika mji mdogo wa Arnstadt nchini Ujerumani, aliishi bibi wa ukoo wa kitawala, Augusta Dorothea. Alikuwa mjane asiye na mtoto. Kwa miaka mingi, yeye na watumishi wake na mafundi wa mjini walitengeneza vyumba zaidi ya 80 vyenye wanasesere takriban 400. Hakuishia kwenye kasri. Alitoka na macho yake mpaka mitaani: soko na wachuuzi wake, karakana za mafundi, duka la dawa. Ukivitazama vyumba hivyo vilivyopangwa pamoja, unauona mji mzima unavyoamka, unavyouza na unavyonunua. Mkusanyiko huo bado uko Arnstadt.

Katika karne ya 19 kiduka kikashuka kutoka kasri mpaka nyumba za watu wa kawaida. Mji wa Nuremberg, ambao tangu zamani ulikuwa na mafundi wa vyombo vidogo vya bati na shaba, ukawa unauza viduka tayari. Mmoja wa watengenezaji waliojulikana, Christian Hacker, alianza kazi mwaka 1835. Kiduka cha kawaida kilikuwa na ukuta wa nyuma wenye droo nyingi, kila moja na jina la bidhaa limeandikwa mbele: kahawa, chai, sukari, mchele. Katikati kaunta, juu yake mizani ya sahani mbili, na pembeni karatasi za kufungia. Familia nyingi za Kijerumani zilikitoa kiduka hicho wakati wa sikukuu yao ya mwisho wa mwaka tu, wakajaza droo kwa zabibu kavu na peremende, na sikukuu ikipita kikarudishwa stoo kusubiri mwaka mwingine. Kiduka kimoja kikalea watoto, wajukuu na vitukuu.

Palikuwa na aina nyingine pia. Wafaransa na Wajerumani walitengeneza maduka ya kofia na tepe za kike. Waingereza walitengeneza mabucha ya mbao, nyama zimetundikwa kwenye ndoano, kila pande limechongwa na kupakwa rangi yake. Mtoto aliyechezea bucha ile alikua akijua paja na ubavu kabla hajashika kisu.

Ndipo mafunzo yalipokuwa. Mtoto wa kike aliyesimama nyuma ya kaunta ile alijifunza kupima, kufunga kifurushi kisimwagike, kurudisha chenji na kusema bei bila haya. Watu wakubwa walidhani wanamfundisha kuwa mke mnunuzi. Kumbe kaunta ina pande mbili, na yeye mara nyingi alisimama upande wa muuzaji.

Droo zilizojazwa na mikono ya wengine

Sasa tufungue ukurasa ambao kiduka kiliuficha.

Maduka ya kweli ambayo viduka vile viliyaiga yalikuwa na jina lao Ujerumani: maduka ya bidhaa za makoloni. Kahawa, chai, sukari, kakao, mchele na viungo, vyote vikitoka nchi za mbali zenye jua, viliitwa kwa jina hilo moja. Mtoto akavuta droo, akanusa, akafunga. Hakuna droo iliyosema nani alivuna.

Hapa historia inagusa visiwa vyetu moja kwa moja. Kampuni ya O'Swald ya mji wa Hamburg ilifungua ofisi yake Unguja mwaka 1849, na mwaka 1859 miji ya biashara ya kaskazini ya Ujerumani ikafunga mkataba na Sultani wa Zanzibar, Sayyid Majid. Meli zao zilibeba kutoka kwetu karafuu, nazi kavu, ngozi na makaure. Karafuu ilianza kupandwa hapa mwanzoni mwa karne hiyo, na haikuchukua muda visiwa vyetu vikawa vinaongoza dunia nzima kwa zao hilo. Na tuseme kweli, hata kama inauma: mashamba yale yalilimwa na watu walioletwa kwa nguvu kutoka bara. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe ukaondolewa kisheria mwaka 1897. Katikati hapo, miti ilipandwa, karafuu zikachumwa na kuanikwa majamvini, na meli zikaondoka.

Hata kiduka chenyewe kilikuwa na mikono iliyofichwa. Milima ya mashariki ya Ujerumani, kwenye vijiji kama Seiffen, madini ya bati yalipopungua watu waligeukia kuchonga vitu vidogo vya mbao. Mji wa Sonneberg nao uliishi kwa wanasesere. Kazi ilifanyika majumbani kwa malipo ya kipande, baba, mama na watoto pamoja, mpaka usiku. Mtoto mmoja alipaka rangi kiduka ili mtoto mwingine akichezee. Ujerumani ilitunga sheria mwaka 1903 kupunguza kazi za watoto, na kwa mara ya kwanza sheria hiyo iligusa hata zile zilizofanyika ndani ya nyumba.

Hatuyasemi haya ili kuharibu raha ya kazi hii. Tunayasema kwa sababu Muislamu anaponunua na anapouza anaulizwa kuhusu mizani yake. Kiduka kizuri kisichojua bidhaa zake zimetoka kwa nani kina mizani inayolalia upande mmoja. Sisi wa visiwani, tuliokuwa upande wa pili wa droo ile, tunayo nafasi ya kuisawazisha.

Inchi moja kwa futi moja

Karne ya 20 ikaja na kipimo. Kati ya mwaka 1921 na 1924, Uingereza ilimjengea Malkia Mary kijumba kilichosanifiwa na Edwin Lutyens, msanifu mkubwa wa majengo. Kilikuwa na umeme, lifti na mabomba yanayotoa maji. Makampuni yakaleta bidhaa zao katika makopo na chupa za ukubwa wa punje, na kijumba kikaonyeshwa Wembley mwaka 1924, watu zaidi ya milioni moja na nusu wakakitazama. Leo kiko Windsor. Kipimo chake kilikuwa moja kwa kumi na mbili, yaani inchi moja ya kijumba ni futi moja ya nyumba, na hicho ndicho wapenzi wengi wa kazi hii wanachokitumia mpaka leo.

Marekani, katika miaka ya 1930, Narcissa Thorne wa Chicago akasimamia mafundi kutengeneza vyumba vidogo kwa kipimo hichohicho, na 68 kati ya hivyo viko katika makumbusho ya sanaa ya mji huo. Vyumba vyake havina mwanasesere hata mmoja. Kuna miwani juu ya meza, kitabu kimeachwa wazi, kiti kimesogezwa kidogo. Ukitazama unahisi mwenye chumba ametoka sasa hivi kwenda kuswali na atarudi.

Na dini inasemaje?

Tunajua swali hili limeshakuja vichwani mwenu. Katika Bukhari na Muslim imepokewa kwamba Mama yetu Aisha (radhiyallahu anha) alikuwa akicheza na wanasesere, na rafiki zake wakija kucheza naye, na Mtume (swallallahu alayhi wasallam) hakumkataza. Katika Sunan ya Abu Daud kuna habari ya farasi wake mwenye mbawa mbili, na jibu lake kuhusu farasi wa Nabii Suleiman lililomfanya Mtume acheke. Kwa habari hizi wanazuoni wengi walichukua ruhusa ya wanasesere kwa watoto wa kike. Wapo walioona bora kujiepusha, hasa na yale yenye sura kamili. Anayetaka fatwa ya nafsi yake amuulize mwalimu wake.

Lakini kiduka kina wepesi wake. Hakihitaji mtu ndani. Ibn Abbas (radhiyallahu anhuma) alimuelekeza mchoraji aliyemjia achore miti na visivyo na roho, na rafu, mizani, chupa na magunia ni vya upande huo. Vyumba vya Chicago vimetuonyesha kwamba duka tupu linaweza kuwa hai kuliko duka lenye sanamu. Kinachobaki kuchunga ni nia, muda na pesa: kazi isikule swala, isikule haki ya mume na watoto, isiwe ya kujifakhirisha.

Sasa tujenge duka la kwetu

Maduka tunayoyakumbuka yanaondoka. Duka la viungo lenye madebe na kibaba cha kupimia. Duka la kanga lenye doti zimekunjwa mpaka darini. Mama aliyeuza uturi, udi na vikuba kutoka dirishani kwake, akifungua kibao baada ya Alasiri na kukifunga adhana ya Magharibi ikilia. Mama huyo hakuwa na ubao wa jina wala leseni ukutani, na hakuna kitabu kilichomtaja. Akifa, duka lake linafutika siku ileile watoto wanapogawana makasha yake.

Haya ndiyo tunayotaka yaingie katika viduka vyetu. Kazi si ngumu, na vifaa vingi viko jikoni.

Anzeni na hesabu. Duka la upana wa futi 10 litakuwa inchi 10. Mlango wa futi 7 ni inchi 7, na kaunta ya futi 3 ni inchi 3. Kanga ya upana wa sentimita 150 kwa 110 itakuwa sentimita 12 na nusu kwa 9 na kidogo. Chukueni kitambaa chepesi cha pamba, chorea pindo, mji na jina lake kwa kalamu yenye ncha nyembamba, kisha mkunje. Magunia msishone kwa gunia la kweli, nyuzi zake ni nene mno. Chovyeni kitambaa cha pamba kwenye chai ya rangi, kikauke, mshone hicho.

Bidhaa ndipo wengi wanapokosea. Karafuu moja ya kweli ya sentimita moja na nusu, ukiiingiza katika duka hilo, inakuwa karafuu ya sentimita 18, kubwa kuliko bilauri! Punje ya ufuta ya milimita 3 inakuwa kama ndimu, basi ipakeni rangi ya kijani muijaze kwenye kikapu. Uwatu unakuwa viazi vidogo. Pilipili manga inakuwa chungwa. Kwa karafuu zenyewe sageni kidogo tu, zibaki chenga ndogo, na harufu itakuwa ya kweli hata kama umbo ni dogo. Kisanduku cha kibiriti kinatosha kuwa droo kubwa. Shanga za kioo ndizo chupa za uturi. Vifungo vya chuma vya nguo, viwili vinavyolingana, ndizo sahani za mizani. Ukili uliochanwa mwembamba kama uzi utasuka pakacha na mkeka.

Kabla ya gundi, nendeni kwa bibi. Muulizeni rafu ya juu ilikaa nini, nani alileta bidhaa, kibaba cha mchele kiliuzwaje, deni liliandikwa wapi. Kama duka bado lipo, ombeni ruhusa mlipime kwa tepu. Kisha mfanye kama Sara Rothé: wekeni daftari. Andikeni duka ni la nani, lilikuwa mtaa gani, mwaka gani, na nani aliyewasimulia. Na droo ya karafuu isiachwe bubu kama zile za Nuremberg. Nyuma yake andikeni shamba lilikuwa wapi na nani walichuma.

Bibi harusi, wewe tunakuomba zaidi. Katika orodha ya vitu vyako, kando ya makasha na vyombo, weka kiduka cha bibi yako mzaa mama. Kikiwa na daftari lake ndani, wajukuu wako watakaokifungua watakuta jina la mwanamke aliyeuza, akapima kwa haki na kulea watoto kwa faida yake.

Tukishamaliza kusoma, basi tufungue makasha. Allah atujaalie mizani zetu ziwe sawa, kubwa na ndogo, na awarehemu mama zetu waliotutangulia.

Wabillahi tawfiq.